Kwa Rachmaninoff, Kando ya Mto Hudson

Kabla ya tamasha, kaburi. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu, na shemeji, mwenye gari na mwenye mafuta, alilikubali kwa shingo upande.

"Shemeji, wenzetu wanakwenda kwenye muziki, wewe unanipeleka makaburini?" aliniuliza tulipoingia Valhalla, kaskazini mwa jiji la New York.

Makaburi ya Kensico ni makubwa hata watu huyazunguka kwa gari. Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Kirusi, amelala humo chini ya msalaba wa jiwe wa Kiorthodoksi, ule wenye mti mfupi wa chini uliokaa mshazari, pamoja na mkewe Natalia na binti yao Irina. Alifia Beverly Hills, California, tarehe 28 Machi 1943, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70, na wiki chache tu baada ya kuapishwa kuwa raia wa Marekani. Mwaka 2015 waziri wa utamaduni wa Urusi alitaka mabaki yake yarudishwe nyumbani. Familia ikakataa, na mimi nadhani ilikuwa na haki.

Nilitoa simu, nikampa shemeji spika moja ya sikioni, nyingine nikabaki nayo. Nilimchezea sehemu ya tano ya Mkesha wa Usiku Kucha, kazi ya kwaya tupu, bila ala yoyote, iliyoimbwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1915. Maneno yake kila aliyekulia kanisani anayajua: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako." Mimi niliimba besi miaka mingi katika kwaya ya usharika kule Moshi, na sauti ya nne tumezoea kusukumwa nyuma tukashikilie noti mbili tatu wakati soprano wanapeperuka. Hapa mambo yamegeuzwa. Mwishoni sauti zote zinawaachia besi njia, nao wanashuka ngazi kwa ngazi, polepole, hadi kina ambacho wengi wetu tungebaki tunapumua tu. Mwongozaji wa kwaya, Nikolai Danilin, alipoiona nakala alimuuliza mtunzi watu wa kuimba hivyo watapatikana wapi. Walipatikana. Rachmaninoff aliipenda sehemu hii kiasi kwamba alitaka iimbwe siku ya mazishi yake.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akatoa spika sikioni. "Hawa wanakula nini?"

Kutoka hapo tulishika barabara ya Taconic, nyembamba, yenye kona nyingi, isiyoruhusu malori, misitu kushoto na kulia. Mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwa uendeshaji wa shemeji, tukafika Annandale-on-Hudson, kilipo Chuo cha Bard. Ilikuwa Agosti 2022. Ukumbi mkuu, Fisher Center, ulichorwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 2003: paa lake ni mawimbi ya mabati ya chuma kisichoshika kutu, yanayoinuka na kushuka juu ya mlango wa vioo. Shemeji ni fundi ujenzi. Alisimama mbele yake mikono kiunoni, akasema linafanana na nyumba iliyopitiwa na kimbunga halafu mwenyewe akachelewa kuita fundi. Alipoingia ndani na kuona mbao za ukumbi, alinyamaza.

Kila kiangazi chuo hiki huwa na msimu mrefu wa dansi, tamthilia na opera, na Agosti hufungwa na tamasha la muziki la wikiendi mbili linalomhusu mtunzi mmoja na ulimwengu wake. Lilianza mwaka 1990 na Brahms. Warusi wamepata zamu nyingi: Tchaikovsky 1998, Shostakovich 2004, Prokofiev 2008, Stravinsky 2013, Rimsky-Korsakov 2018. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Rachmaninoff. Leon Botstein, aliyekuwa mkuu wa chuo tangu 1975, ndiye pia aliyeongoza orkestra. Opera ya mwaka huo, ya Richard Strauss, ilikuwa imekwisha Julai, tukaikosa.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hawakupi mtunzi peke yake. Unampata na marafiki, mahasimu na walimu wake, na kabla ya onyesho msomi anasimama kukueleza utakachosikia. Rachmaninoff alihitaji sana kutendewa hivyo. Kamusi kubwa ya muziki ya Uingereza, Grove, toleo la 1954, ilitabiri kwamba umaarufu wa kazi zake hauelekei kudumu. Wataalamu walimwona mtamu mno, mtu wa zamani aliyekataa kubadilika. Lakini ukimsikia karibu na Scriabin, mtunzi aliyesoma naye Moscow tangu utotoni, au karibu na rafiki yake Medtner, naye mtunzi, ule utamu unapungua na unabaki ufundi wa mtu anayejua hasa ni noti gani aiache.

Tulikaa juu, upande wa kushoto, mahali ambapo mikono ya mpiga piano inaonekana. Kwenye nyimbo za sauti na piano nilijikuta nikimwangalia zaidi binti aliyegeuza kurasa. Alikuwa akiinuka nusu, anashika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, anasubiri. Mwimbaji alishamaliza maneno yake, lakini piano iliendelea ukurasa mzima peke yake, na mwimbaji akasimama vilevile, mikono imetulia, kana kwamba bado anaimba. Rachmaninoff aliziandika nyimbo zake zote hizi, zaidi ya 80, kabla ya kuhama.

Hapo ndipo ilipo habari ya mtu huyu kwangu. Aliondoka Urusi Desemba 1917, baada ya mapinduzi, na hakurudi tena. Alifika New York Novemba 1918 akiwa na familia ya kulisha, akageuka mpiga piano wa kulipwa, mji baada ya mji, treni baada ya treni. Watu walimdai kile kipande kifupi cha piano alichokitunga akiwa na miaka 19, wakipiga kelele hadi akipige. Katika miaka 25 ya ugenini alikamilisha kazi sita tu zenye namba rasmi. Mwaka 1931 alitia saini barua gazetini ya kuilaumu serikali ya Kisovieti, na muziki wake ukasusiwa huko kwa muda. Hitler alipoivamia nchi hiyo, Rachmaninoff alitoa mapato ya maonyesho yake kuisaidia. Kwenye foleni ya kahawa, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, watu walikuwa wakibishana kama ni sawa kumshangilia Mrusi mwaka ule. Sikuingilia, ila mtu wa historia hii ni vigumu kumkabidhi kwa serikali yoyote.

Chakula cha pale kina bei yake. Tulikaa kwenye nyasi tukala chapati alizotufungia dada, na ng'ambo ya mto milima ya Catskill ilikuwa ya buluu.

Kurudi usiku, shemeji, mtoto wa Morogoro, akaja na hoja: kwa nini kusiwe na wikiendi mbili za Mbaraka Mwinshehe na ulimwengu wake? Asubuhi wasomi, jioni bendi. Nikamwambia lazima awemo Salum Abdallah na Cuban Marimba, maana huwezi kuieleza Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka, bila wapinzani wake wa mji uleule. Alikubali. Nilipomtaja Marijani Rajabu akakataa katakata: huyo ni wa Dar es Salaam, atafutiwe mwaka wake. Tulifika Poughkeepsie bado tunabishana, na Juma Kilaza, aliyeiongoza Cuban Marimba baada ya Salum, tulikuwa hatujamgusa.