Usinivunjie upanga bila kunipa nafasi

Waendeshaji wa michezo ya kuigiza wahusika, yaani sisi tunaosimulia hadithi na kuwachezesha maadui huku kila mchezaji akiigiza mhusika wake na dadu zikiamua matokeo, tukikaa pamoja, hatumalizi bila kubishana juu ya hili: adui akiwa vitani, aruhusiwe kuuvunja upanga wa mchezaji? Mimi naendesha meza ya Dungeons & Dragons Jumamosi jioni hapa Dar, sebuleni kwa dada yangu, na msimamo wangu haujifichi. Silaha ivunjike, tena ivunjike kweli, vipande chini. Ila mwenye silaha awe ameiona hatari inakuja, na awe na njia ya kuikwepa. Mwendeshaji anayetamka tu "upanga wako umekatika" huyo amempokonya mtu kitu chake.

Tuanze na hesabu. Toleo la 3 la mchezo huu, hasa lilivyorekebishwa mwaka 2003, lilikuwa na kanuni kamili ya kuvunja silaha iliyo mkononi mwa mtu. Upanga wa kawaida wa chuma ulipewa ugumu 10, yaani kiasi kinachotolewa kwenye kila pigo, na pointi 5 za uhai, kwa hiyo pigo la madhara 15 linaumaliza. Sasa mchukue ogre, zimwi la kawaida kabisa. Rungu lake lilirushiwa dadu 2 za pande 8, unajumlisha 7. Wastani ni 16. Maana yake, akikushinda mnaporusha dadu kushindana, pigo lake la kawaida tu linatosha kukuachia mpini.

Kinachoniudhi zaidi ni nani anabeba hasara. Ogre wangu hata asipouawa leo, sitamkumbuka wiki ijayo. Mimi mwendeshaji nina panga zisizo na idadi, nikitaka nyingine naitaja na ipo. Mchezaji anao mmoja, kaununua kwa dhahabu ya pango zima, kaupa jina. Naye akiamua kulipiza kwa kuvunja silaha ya adui, anavunja nyara ambayo angeichukua mwenyewe baada ya vita. Halafu pembeni yake yuko mchawi, ambaye hakuna rungu la kumvunjia moto wake. Toleo la 5 lilipotoka 2014 bila kanuni hiyo katika mapigano ya kawaida, sikusikitika hata kidogo.

Lakini silaha zisipovunjika kamwe nazo zinageuka namba kwenye karatasi. Ndiyo maana nampenda sana mnyama wa kutu (rust monster), adui mwingine wa mchezo huu. Alichapishwa mara ya kwanza 1975, na chanzo chake ni mdude mdogo wa plastiki, mwanasesere wa bei rahisi uliotengenezwa Hong Kong, ambao Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, aliununua dukani ili autumie mezani. Mnyama huyu hana haja na nyama yako, anataka chuma ulichovaa. Katika toleo la 2014, silaha ya chuma isiyo na uchawi ikimpiga, inapata kutu na kupungukiwa pointi 1 ya madhara, moja kwa moja. Ukipiga tena inapungua tena. Upungufu ukifika 5, silaha kwisha. Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyo na adabu: ni wewe uliyepiga, unaona upanga unaliwa kidogo kidogo, na kila zamu unaamua upya kama utaendelea au utauficha.

Nilipomleta mezani kwangu, nilitanguliza dalili. Mlango wa pango ulikuwa umelala chini mzima, mbao zote zipo, bawaba hazipo. Palipokuwa na misumari pamebaki matundu na unga mwekundu. Mchezaji wetu anayeigiza shujaa, msichana ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kuingia kila mahali, akanyamaza, akapitisha kidole kwenye orodha ya vitu vyake, kisha akasema, "Navua deraya. Upanga namwachia mpagazi. Kule kijijini si walikuwa wanatwanga? Narudi kuazima mchi." Akaingia pangoni na mchi wa kinu! Lile pambano watu wa meza yangu wanalisimulia mpaka leo, na hakuna aliyepoteza hata kisu. Hatari ya kupoteza ilitosha.

Kanuni nzuri kuliko zote nilizowahi kukutana nazo ni ya Dark Sun ya 2010, ulimwengu wa jangwa wa mchezo huu huu, ambako chuma ni adimu na watu hupigana kwa mifupa na mawe. Ukishambulia na kupata 1 kwenye dadu ya pande 20, unachagua. Kubali umekosa, silaha yako ibaki salama. Au rusha tena, lakini kama silaha si ya chuma, pigo likiisha inavunjika, umepata au umekosa. Nimeiona dadu ikishikiliwa mkononi muda mrefu kwa sababu ya kanuni hiyo. Mtu anaitazama shoka yake ya mfupa, anamtazama mwenzake aliyelala chini anavuja damu, halafu anarusha. Ikivunjika hapo, hakuna wa kununa. Kaivunja mwenyewe, kwa sababu anayoijua.

Ngao nazo wachezaji wengi wa mtindo wa zamani huzitumia hivyo hivyo: pigo linakuja, unasema ngao yangu ipasuke badala yangu, madhara yote yanafutika. Nimeichukua kanuni hii nzima nzima.

Kwa hiyo kwangu utaratibu uko hivi. Kabla ya kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, kuanza nawaambia wazi kwamba chuma cha dunia hii huvunjika, na asiyetaka aseme siku hiyo hiyo. Kitu alichorithi mhusika, kilichoandikwa kwenye historia yake, sikigusi mpaka mchezaji mwenyewe akiweke rehani. Na silaha ikishavunjika, vipande havipotei. Lazima awepo fundi mahali fulani anayeweza kuviunga, kwa bei yake.

Sasa hivi mkuki wa yule msichana una ufa tangu Jumamosi iliyopita. Aliukubali ili kumzuia jitu asivuke daraja. Mhunzi wa mjini amemwambia anaweza kuuziba kwa chuma cha kengele ya hekalu, na hekalu hilo ni la mungu anayeabudiwa na tabibu wa kundi lao. Wanabishana kwenye grupu ya WhatsApp tangu jana, na mimi sijawaambia lolote.