Askari aliyesema ndiyo nje ya hema

Juzi gari la matangazo lilipita hapa Mafinga likiwaita wanaume kwenye tohara: bure, salama, njooni na baridi hii. Juni na Julai ndiyo msimu wenyewe. Huku kwetu watu wanaamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi, kwa hiyo foleni hurefuka. Mpwa wangu, ambaye ametoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) hivi karibuni, alisikiliza mpaka spika ikafifia upande wa stendi, kisha akaniuliza: "Mamdogo, kule kambini mtu angeweza kukataa?"

Nilimjibu kwamba angeweza. Lakini viazi vilibaki mikononi bila kumenywa, maana nilikuwa nimemkumbuka yule askari.

Ilikuwa 2011, nami nikiwa mhudumu wa afya kwenye timu ya tohara, Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Takwimu za 2007-08 zilikuwa zimetuumiza sana: mkoani kwetu karibu watu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na VVU, huku nchi nzima wakiwa hawafiki 6. Majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalikuwa yameonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi kwa nchi kama yetu. Sisi tulikuwa na Wahehe, Wabena, Wakinga, watu ambao kwao jando halikuwa desturi ya kila nyumba. Na kambini wanaume wa rika hilo wako pamoja, wana mshahara, wake wako mbali, na barabara kuu ya Tunduma yenye malori na baa haiko mbali. Hakuna mtu wa afya ambaye hakuona umuhimu wa kuingia mle.

Kambi yenyewe siitaji. Tulifika asubuhi, ukungu haujaondoka, tukakuta askari wamepangwa uwanjani. Ofisa mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa anaita kwa sauti ya gwaride: wasiotahiriwa mstari huu, waliotahiriwa mstari ule. Wanaume watu wazima wakavuka uwanja mbele ya wenzao. Kisha akauliza nani yuko tayari, na mstari wote ukajibu, "Ndiyo, afande!"

Nilimwomba awaruhusu waje mmoja mmoja, nasi tuzungumze na kila mtu peke yake. Alikubali. Shughuli ikaanza: ushauri, kipimo cha VVU kwa anayeridhia, presha, ganzi, kitanda. Mwenzangu wa Tukuyu alikuwa na mkono mwepesi, vitanda havikukaa vitupu.

Kabla ya chakula cha mchana akaingia hemani yule askari. Mrefu, koti la kijani limefungwa hadi shingoni. Nikamweleza: kidonda kinahitaji wiki sita bila kukutana na mwanamke, hata kikionekana kimepona, kondomu haziachwi, utarudi tukukague baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa. Nikamwuliza, "Afande, unataka kufanyiwa?" Akasema ndiyo. Kalamu nilipompa asaini, mkono wake ulitetemeka hata karatasi ikasikika mezani.

Nikaichukua kalamu, nikaiweka kando. Nikamwambia, "Hapa hakuna afande mwingine. Niambie."

Alinyamaza. Upande wa pili wa pazia tulisikia mikasi ikiwekwa kwenye sinia. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sista, mke wangu yuko Rungwe. Nikirudi hivi, ataniuliza najikinga na nani."

Sikuwa nimelisikia hilo kwenye semina yoyote. Tulikuwa tumefundishwa kujibu hofu ya maumivu, hofu ya damu, hofu ya majibu ya kipimo kufika mezani kwa mkuu na mtu akakosa nafasi ya kozi au ya misheni ya kulinda amani Darfur, Sudan. Huyu alikuwa anailinda nyumba yake. Akaniuliza, "Na yeye itamkinga?" Nikamwambia kweli: moja kwa moja, hapana. Inakupunguzia wewe hatari, na wewe ukibaki mzima naye ananufaika, lakini si kinga yake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua hivyo tangu mwanzo.

"Basi kaongee naye kwanza," nikasema.

"Na hao wa nje?"

Nikamweleza kwamba kadi zinabaki kwenye sanduku letu, uongozi unapewa idadi tu, na kwamba kila siku wapo wanaoahirishiwa kwa sababu za kiafya, hivyo kutoka bila bandeji hakusemi lolote. Bado hakuinuka. Nikaelewa: wenzake walikuwa wanahesabu muda. Tukakaa pale karibu nusu saa, kiasi cha mtu kuhudumiwa kitandani, akanieleza habari za migomba yake na binti yake aliyeanza shule. Alipoondoka alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, sista."

Jioni tukiwa kwenye gari mwenzangu alikuja juu. "Kijana yule yuko mbali na mkewe mwaka mzima. Akiambukizwa mwezi ujao, nusu saa yako itamsaidia nini? Na mkewe itamsaidia nini?"

Nikamwambia tukimkata mtu anayetetemeka kwa kuogopa mstari, kesho kambi nzima itatukimbia.

"Haitatukimbia," akasema. "Wataamriwa, watakuja."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Mwenzangu amestaafu sasa. Tukikutana msibani au harusini, Tukuyu au Mbeya mjini, hoja huanzia hapohapo. Ananikumbusha watu tuliowazika miaka ile, nami siwezi kumkatalia, maana wengine tuliwazika pamoja. Ila bado nasema ningekaa na askari yule tena, na yeye bado anasema nilipaswa kumshawishi zaidi.