Keshakuwa daktari, anasimamiwa nini tena?

Mama yake shoga yangu hataki kuelewa. Kila nikipita kwao Mkunazini kumwamkia, swali ni lile lile: "Mwanangu, huyu si keshavaa joho? Si tulipika pilau mtaa mzima ukala? Sasa huko Marekani anasoma nini tena?" Nikimwambia hasomi, anafanya kazi, anataka kujua kwa nini basi kuna mtu anakaa naye kila wiki kumhoji kazi yake. Hapo hukwama, maana jibu ni refu na chai inapoa.

Shoga yangu ni mwanasaikolojia. Kamaliza shahada ya uzamivu, na sasa yumo katika mwaka wa mafunzo ya baada ya uzamivu, kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu kimoja huko California. Kule joho peke yake halikufungulii mlango wa kuona watu kwa jina lako. Jimbo linataka saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, na zisizopungua 1,500 ziwe za baada ya shahada. Kuna na mtihani unaotumika Marekani na Kanada, maswali 225, lakini yanayohesabiwa ni 175 tu. Hayo 50 mengine yanajaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo, na mtahiniwa haambiwi ni yapi. (Nilipoambiwa hili nilicheka sana. Mwenzangu hakucheka.) Akitoka hapo anakabiliana na mtihani wa sheria na maadili wa jimbo lenyewe.

Tunazungumza baada ya sala ya magharibi, kwao ndiyo kwanza asubuhi. Ananihadithia siku zake: wanafunzi wanaoingia bila miadi, wengine hali zao mbaya, wale wa kila wiki, kundi la mazungumzo analoliongoza, jioni anazokwenda kwenye dakhalia kuzungumza na wanafunzi habari za usingizi na mitihani. Tena naye amepewa mwanafunzi wa saikolojia amsimamie, halafu kuna mkubwa anayemsimamia yeye katika huko kusimamia. Hili sijathubutu kumweleza mama yake.

Kilichonikaa moyoni mwezi huu wote ni kanuni moja. Jimbo linataka usimamizi uwe sehemu ya kumi ya saa anazofanya kazi kwa wiki, na ndani yake angalau saa nzima ya ana kwa ana na msimamizi mkuu, wao wawili tu. Ukifanya kazi saa 40, nne zinakwenda katika kuzungumza ulivyoifanya. Saa nne! Mimi nilipoanza kazi ya ushauri nasaha hapa chuoni Tunguu nilioneshwa chumba, nikapewa funguo na daftari la mahudhurio, nikatakiwa kheri.

Na hiyo saa haiendi kwenye kusifiana. Mazungumzo yake na mwanafunzi hurekodiwa kwa video, mwanafunzi akiwa ametia saini kukubali, kisha msimamizi huisimamisha picha katikati: hapa alianza kulia, wewe ukamuuliza habari za masomo, kwa nini? Mwenzangu anasema mara nyingi haulizwi mwanafunzi ana nini. Anaulizwa yeye alikuwa anakimbia nini.

Siku moja darasa lao lilikuwa juu ya siri na mipaka yake, wakasoma kesi ya Tarasoff. Mwanafunzi wa Berkeley alimwambia mtaalamu wa huduma ya afya ya chuo kwamba atamuua msichana fulani. Mtaalamu akawaarifu polisi wa chuo, polisi wakamshika wakamwachia, na msichana mwenyewe hakuambiwa kitu. Aliuawa mwaka 1969. Mwaka 1976 mahakama ya juu kabisa ya California ikaamua kuwa mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa, hata kama siri itabidi itoke.

Nilimsikiliza nikawaza kwamba shida yangu iko upande wa pili. Hapa Unguja siri haingoji mahakama itoke. Binti anakaa mbele yangu, anataja jina la babu yake, na mimi namjua shangazi yake. Jumamosi tutakutana harusini, mkeka mmoja. Shangazi naye atanivuta pembeni: "Nasikia mtoto wetu anakuja kwako. Ana nini?" Anauliza kwa mapenzi, si kwa umbea (mara nyingi), na mtu mzima huwezi kumjibu kwa kifungu cha maadili ukabaki na adabu zako. Nimezoea kusema: "Shangazi, simwambii mtu nani anakuja kwangu. Hata siku ukija wewe, sitomwambia mtu." Wengi hucheka. Mmoja kweli alikuja.

Mambo haya nayapeleka wapi? Nimempata bibi mmoja, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa akili pale hospitali ya Kidongo Chekundu. Ndiyo, pale pale ambapo wanafunzi wangu wakisikia jina tu wanadhani nimeshawaita wendawazimu, ndiyo maana kumwandikia mtu rufaa kwenda huko huchukua nusu ya mazungumzo. Hana uzamivu. Tunakwenda kwake Alkhamisi baada ya alasiri, mimi na wenzangu wawili wa vyuo vingine, na hatutaji jina la mtu.

Wiki mbili nyuma mwenzetu mmoja alileta habari ya kijana ambaye moyo humwenda mbio kila mitihani ikikaribia. Nyumbani wamesema ni pepo, kasomewa kisomo, kanywa kombe, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Bibi akauliza, "Alipotaja pepo, ulimuuliza nini?" Mwenzetu akasema alimuuliza kuhusu usingizi wake. Bibi akajimiminia kahawa. "Basi keshajua habari ya pepo haina nafasi chumbani kwako." Mwenzetu alirudi akamuuliza yule kijana: huyo pepo alianza lini, na nani aliyemjua mwanzo? Ikatoka hadithi ya msiba ndani ya nyumba, ya miaka kabla ya chuo. Kisomo kinaendelea, na kwa mwenzetu bado anakuja.

Sisemi tuchukue utaratibu wa Wamarekani mzima mzima. Hata wao hawajaafikiana. Mwaka 2006 chama chao cha wanasaikolojia kilibadili msimamo, kikaona saa zilizofanywa kabla ya shahada zinaweza kutosha, na baadhi ya majimbo, Washington likiwamo, hayadai tena mwaka huu wa ziada. Shoga yangu mwenyewe analalamika: kazi ya mtaalamu, mshahara wa mwanagenzi. Na hapa kwetu, tukidai saa 1,500 za baada ya uzamivu kwa kila anayeketi na wanafunzi, vyumba vyote vitafungwa, na wanaokuja kwangu usiku wa mtihani wakiwa hawajala siku mbili hawatakuta mtu.

Ninachotaka ni ile saa moja. Msimamizi anaweza kuwa muuguzi mstaafu au daktari, ilimradi awe ameketi na watu miaka mingi na haogopi kuuliza. Kwa hiyo nimeandika barua kazini kuomba usimamizi wa kila wiki uingizwe kwenye ratiba yangu, maana sasa naukata kwenye muda wangu wa kupumzika, na bibi yule alipwe walau nauli. Barua imerudi na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: mafunzo haya yanatoa cheti gani? Nimejibu kuwa hayatoi cheti, nikairudisha.