Safari ya San Antonio, bila haraka

Hatimaye tumekubaliana nyumbani: mwezi Juni tunakwenda San Antonio, Texas, kwenye bustani ya michezo inayoitwa Morgan's Wonderland. Kutoka hapa Houston ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kama kilomita 320, na barabara ni moja tu, I-10, unainyoosha kuelekea magharibi. Naandika kabla hata begi moja halijafungwa, kwa sababu kwa familia kama yetu likizo huharibika au hutengenezeka wakati huu wa kupanga.

Kwa msomaji mgeni: Salim ana miaka 9 na ana usonji. Huongea maneno machache, hupenda maji kuliko kitu chochote, na kelele za ghafla humuumiza. Bibi yake, mama mkwe wangu, alipata kiharusi na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Halafu yupo Asha, wa miaka 11, mzima wa afya, na kwa hiyo yeye ndiye anayeambiwa asubiri siku zote.

Sitafuti michezo mingi. Natafuta siku moja ambayo sitamwomba mtu radhi. Mzazi mwenzangu wa mtoto mwenye usonji ananielewa. Unaomba radhi kwenye foleni mtoto anapojilaza chini. Unaomba radhi kwa aliyekaa mbele kwa kuwa kiti chake kimepigwa teke. Unaomba radhi kwa mlinzi wa lango kwa sababu umebeba chakula kutoka nyumbani, na mtoto hali kingine. Safari iliyopita tulikwenda bustani nyingine kubwa, jina nitaliacha. Lango lilikuwa pana, choo kilikuwa na nafasi ya kiti cha bibi, kama inavyotakiwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Lakini bibi alishinda kivulini akitushikia mabegi, maana karibu kila mchezo ulimtaka kwanza ainuke kwenye kiti. Kuingia aliingia. Kucheza hakucheza.

Morgan's Wonderland ilianzia kwa mtoto aliyeachwa peke yake majini. Gordon Hartman, mjenzi wa nyumba wa hukohuko San Antonio, alikuwa likizoni na familia yake. Binti yake Morgan, mwenye ulemavu, akataka kucheza na watoto waliokuwa kwenye bwawa la kuogelea. Wale watoto wakaondoka. Mwaka 2010 baba yule akafungua bustani ya ekari 25 palipokuwa na machimbo ya mawe. Mwenye ulemavu halipi kiingilio. Bembea zina jukwaa ambalo kiti cha magurudumu huingizwa kizima kizima, na kwenye farasi wa kuzunguka mna nafasi ya kiti inayopanda na kushuka sawa na farasi wenyewe. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, humo mkiwa na viti vya magurudumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, ili viweze kuloa. Hilo limenigusa sana. Mtu aliona kwamba betri na maji havipatani, na hakusema basi wenye viti wakae pembeni.

Nilipomwonyesha bibi video ya bembea, alicheka huku kajifunika mdomo kwa mtandio.

"Mama Salim, mimi kizee hivi nipande bembea mbele za watu?"

"Utapanda, mama. Na Baba Salim atakupiga picha."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niirudishe video tangu mwanzo.

Mipango yetu yote ni ya kupunguza. Siku ya safari hatuingii kokote. Tukifika ni kuoga, kula, kulala. Siku inayofuata tunaingia bustanini asubuhi lango likifunguliwa tu, kwani Juni ya Texas huvuka nyuzi 32 kwa urahisi, na jua likipanda tunarudi chumbani. Siku ya mwisho ni ya maji peke yake, hiyo ni ya Salim. Baba Salim alitaka tuchomeke Alamo, ile ngome ya kihistoria ya mjini, na matembezi ya kando ya mto. Nimekataa, na sirudi nyuma. Mtoto akichoka hajali kwamba mmeshalipia.

Salim nimemtengenezea kitabu cha picha: gari letu, kitanda cha hoteli, lango, treni ya bustanini, bembea, choo. Tunakipitia kila usiku kabla ya kulala. Kwenye treni huweka kidole na kukiacha hapo muda mrefu. Picha ya mwisho ni mlango wa nyumba yetu. Ni lazima aone kwamba tutarudi, la sivyo garini haingii. Vifunika masikio viko tayari. Namba zetu za simu nimezishonea kwa ndani kwenye fulana zake, maana ukigeuka tu kulipia maji ya kunywa, kashatoweka.

Kilichonichukua muda zaidi kukiwaza ni Asha. Nimemwambia kila asubuhi atakuwa na saa yake, yeye na baba yake tu, na atachagua mwenyewe wapande nini na mara ngapi.

"Hata kama Salim analia?"

"Hata kama Salim analia."

Aliniangalia kama anayepima kama nitabadili maneno. Sibadili. Salim akilia, nipo mimi, yupo na bibi yake.

Tiketi za Salim na bibi ni za bure, zetu tatu tumeshazitengea pesa. Kilichobaki ni kupiga simu hotelini kuomba chumba cha chini, mbali na lifti na mashine ya barafu, na kuuliza kama kuna jokofu, maana wali na viazi vya Salim nitakwenda navyo.