Miche ya mibuyu uwani kwangu

Mvua imeanza kunyesha alfajiri, mvua ya masika yenyewe, si yale manyunyu ya kudanganya. Kopo la kumwagilia limepumzika leo. Nimekaa barazani naitazama miche yangu ya mibuyu, kila mmoja ndani ya pakiti yake ya maziwa, na swali limenirudia: mbona Mombasa ina mibuyu mizee tu?

Nenda Mama Ngina, kule mbele ya bahari, utaiona, minene, magome ya kijivu yamechorwa majina ya wapendanao wa zama hizo. Vuka feri ushike njia ya kusini, utaiona mingine. Lakini hebu nitafutie mbuyu wenye unene wa mkono wa mtu. Mimi nimetafuta sana, viwanjani, kando ya barabara, nyuma ya shule. Kila siku tunaambiana kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha, ila ni wangapi kati yetu waliowahi kuuona ukiwa katika huo uchicha wake?

Basi nikaamua kuilea mwenyewe, niuone.

Mbegu nilizitoa kwenye ubuyu mweupe wa soko la Marikiti. Yale mabuyu mekundu ya watoto hayafai kupandwa, maana yamekwisha pikwa kwenye shira. Mama alipomaliza kutengeneza maji ya ubuyu, mimi nikachukua mbegu zilizobaki kwenye chujio nikazisugua mpaka unga wote ukatoka. Mbegu ya mbuyu ina umbo la figo, kahawia inayokaribia weusi, na ganda lake ni gumu kwelikweli. Ukiitupa mchangani hivyo hivyo inaweza kukaa msimu mzima bila kutikisika. Kule porini ndovu na nyani hula tunda, na safari ya tumboni mwao hulilainisha ganda kabla mbegu haijaangushwa mbali pamoja na samadi. Uwani kwangu Kisauni ndovu hawapiti. Nilitumia msasa. Unaishika mbegu kwa vidole viwili, unaisugua upande wa mgongo, mbali na lile kovu dogo lililoko kwenye kipindo, mpaka weupe wa ndani uanze kuonekana. Hapo hapo unaacha. Kisha nikazimwagia maji yaliyotoka kuchemka na kuziacha humo zipoe, usiku kucha. Asubuhi zilizokuwa tayari zilijionyesha zenyewe kwa kuvimba.

Dada yangu anaishi Uingereza, na tulikuwa tukisimuliana haya kwenye simu. Yeye anapanda ua liitwalo akwilejia. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, zinang'aa, na yeye hakuzichemsha wala kuzisugua: alizitia kwenye friji kwa wiki kadhaa ili zidhani baridi kali imekuja na kupita. Halafu akaziweka juu ya udongo uliolowa bila kuzifunika, maana zinataka mwanga ndipo ziote. Maua atayaona mwaka wa pili. Nilicheka kwa furaha nilipomsikia. Mbegu yake inangoja baridi ya kwao, yangu inangoja tumbo la ndovu, na sisi wawili tumekaa kila mtu kwake tunaziigizia nchi zao. Aliniuliza kama anitumie kidogo nijaribu huku. Nikamwambia, dada, kwa joto hili la Mombasa utakuwa unamtesa mgeni bure.

Zangu nilizifukia kina cha kiungo kimoja cha kidole, kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Juma la pili likaanza kuleta habari. Kwanza udongo unapasuka, halafu inatoka shingo iliyopinda, nene kuliko nilivyotarajia, inajikunjua polepole ikivuta majani mawili ya mwanzo kutoka chini. Mche mmoja ulitoka na ganda limenasa juu, majani yamebanwa ndani hayawezi kufunguka. Nililidondoshea maji kwa ncha ya kidole asubuhi na jioni. Sikulivuta. Jioni ya siku iliyofuata lilianguka lenyewe, na yale majani yakafunguka, mazito, mapana, yangali na mikunjo.

Kinachoiua miche michanga zaidi ya yote ni huruma ya maji. Udongo ukishinda umelowa, na hewa yetu hii ya pwani ilivyo na unyevu, kuvu hushambulia shina pale linapokutana na udongo. Linalainika, linakuwa jeusi, na mche unalala ubavu wakati majani bado ni mabichi. Ukifika hapo haurudi. Kwa hiyo namwagilia asubuhi tu, tena baada ya kutia kidole na kukuta juu pamekauka, na kila pakiti ina matundu chini. Leo kwa mvua hii nimeisogeza yote chini ya upenu. Kunguru nao ni shida nyingine, wale wanang'oa kitu kwa kutaka tu kujua ni nini. Chandarua kikuukuu cha mbu kimewaweka mbali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa. Majani ya kwanza ya kweli ya mbuyu hayafanani na mbuyu hata kidogo. Sote tunalijua jani la mbuyu, vile vijani vitano au saba vilivyokaa kama vidole vya kiganja. Mche mchanga hauna hayo. Unatoa jani moja moja, refu, la kawaida kabisa, ambalo ungeliona kando ya ukuta ungesema ni gugu. Vidole vinakuja baadaye. Juzi kijana anayetusaidia kufyeka aliniuliza, "Kaka, haya magugu umeyatilia pakiti ya nini?" Na yeye amezaliwa Kilifi, katikati ya mibuyu! Nilipomwambia alichutama akaitazama kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo naamini mibuyu mingi ya mji huu inaota, halafu tunaing'oa kwa jembe bila kuitambua. Ile inayoponyoka jembe inaliwa na mbuzi.

Kuna pia lile la wazee. Bibi wa nyumba ya pili aliiona miche akatikisa kichwa. "Mwanangu, mbuyu haupandwi nyumbani. Mbuyu una wenyewe." Sikubishana naye. Nilimwambia, "Bibi, haitakaa hapa, nailea tu." Akaridhika, akaniombea dua. Heshima ile ya kuogopa majini imeilinda mibuyu mizee mingi isikatwe, na mimi naiheshimu. Ila imetufanya pia tudhani mbuyu ni kitu cha kukutwa, si cha kupandwa. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi kuhusu vibali. Uchungu ule niliusikia mwilini. Lakini ukweli ni kwamba ukiondoa mbuyu wa miaka mia kadhaa, unatakiwa uwe na mwingine unaokua mahali fulani, na wetu uko wapi?

Miche haitakaa kwenye pakiti muda mrefu. Mzizi wa mbuyu mchanga huvimba na kushuka moja kwa moja, na ukigonga chini utaanza kujizungusha. Nataka iingie ardhini masika haya haya, iwahi kushika kabla ya kiangazi. Binamu yangu ana shamba nyuma ya Mtwapa na amekubali kuichukua. Nimempa masharti: mbali na nyumba, mbali na tangi la maji, jua la kutosha, na uzio wa miiba kuzuia mbuzi kwa miaka ya mwanzo. Ameniuliza lini itazaa. Nimemwambia ukweli, miaka kumi na tano, ishirini, pengine zaidi, ndipo popo wafuate ua la kwanza usiku. Akasema hana haraka, nimletee Jumamosi ijayo, na yeye atakuwa ameshachimba mashimo.