Biti ya kwanza ilikaa mwisho

Mzee mmoja mwenye stoo ya samaki jirani na soko la Feri, Dar es Salaam, ndiye aliyenipa kazi hii. Vijana wake hufungua friza, wakatoa mzigo, kisha wakasahau mlango. Alitaka simu yake imwambie friza ipi iko wazi. Friza zenyewe 16. Nilifunga swichi ya sumaku kwenye kila mlango, nikavuta waya mpaka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, na programu nikaiandika kwa lugha ya C++. Hali ya milango niliihifadhi kwenye std::bitset<16>, yaani safu ya nafasi 16 za 0 au 1 ziitwazo biti, kila mlango na biti yake: 1 ukiwa wazi, 0 ukiwa umefungwa. Kwa kuwa biti huhesabiwa kuanzia sifuri, friza namba 1 ilipata biti ya 0, na friza namba 16 ikapata biti ya 15.

Kilichonisumbua ni kuzigeuza biti hizo kuwa maandishi ya kutuma kwa meseji.

Kwanza nilitumia to_ulong, inayorudisha namba nzima. Siku ya majaribio tukaacha friza ya 7 wazi, simu ikalia, Mzee akasoma: 64. Akaniangalia. "Mwanangu, friza 64 nimezinunua lini?" Alikuwa na haki. Biti ya 6 ikiwaka (yaani ikiwa 1) peke yake, thamani yake ni 64, lakini hilo ni jambo la kompyuta. Mwenye samaki haliwezi kumsaidia.

Nikahamia to_string. Hii hutoa herufi moja kwa kila biti, zote 16, hata zile sifuri za mwanzo haziachi. Nikajaribu milango yote ikiwa imefungwa: sifuri 16. Nikaifungua yote: moja 16. Nikaridhika, nikarudi zangu Tandika.

Saa tisa usiku Mzee akapata meseji hii:

0000000001000000

Akahesabu kwa kidole kuanzia kushoto kama mtu yeyote anavyosoma, akafika ya kumi. Akampigia mlinzi aende friza ya 10. Mlinzi akaikuta imefungwa vizuri, akajibu hakuna tatizo, wakalala. Asubuhi friza ya 7 ilikuwa wazi, vibua vya juu vimeshalegea na maji yametapakaa sakafuni. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu ile meseji, na mimi nikaumia kuliko angenigombeza.

Nilikaa pale pale kwenye kreti nikahesabu upya. Ukianza kulia, ile 1 ni ya saba. to_string huandika biti ya 15 kwanza na biti ya 0 mwisho kabisa, kwa mpangilio ule ule tunaoandikia namba: kwenye 254, ile nne ya mamoja iko kulia. Kwa anayesoma namba, mpangilio huo ni sahihi. Biti zangu hazikuwa namba, zilikuwa foleni ya milango. Na majaribio yangu yasingeweza kulionyesha kosa hilo hata ningeyarudia siku nzima, maana sifuri tupu na moja tupu husomeka sawasawa kutoka upande wowote.

Kugeuza ni mstari mmoja: unachukua maandishi yaliyotoka, unayapitisha kwenye std::reverse. Nikabadilisha na herufi pia, kwa sababu tangu toleo la C++11 unaweza kuiambia to_string itumie alama unazotaka. Nikaandika to_string('-', 'W'), W ikiwa wazi. Friza ya 7 sasa ikawa hivi:

------W---------

Huu mstari nauhifadhi kwenye faili la kumbukumbu. Nikitaka kuurudisha kuwa biti, naugeuza kwanza, kisha naitajia bitset alama zangu mbili. Nisipozitaja, inatarajia 0 na 1 tu, na ikikutana na kistari inatoa kosa la invalid_argument.

Kwa Mzee hata hivyo sitaki ahesabu vistari usiku wa manane. Programu inazungusha kuanzia biti ya 0 hadi ya 15, kila inayowaka inaongeza moja kwenye namba ya biti hiyo na kuandika namba ya friza. Meseji inafika hivi: "Wazi: 7".

Mwezi huu ameongeza friza mbili. Ukubwa wa bitset hupangwa wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), hauongezeki programu ikiwa inakimbia, kwa hiyo nilibadilisha 16 kuwa 18, nikakompaili upya na kupeleka. Safari hii tulizunguka wote stoo nzima. Yeye anafungua mlango mmoja, anasoma simu kwa sauti, anafunga, tunahamia unaofuata, mpaka wa 18.