Jiwe la Pili Mfukoni

Masomo ya juma hili: Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Luka 3:10–14

Wapendwa katika Bwana,

Sheria ya Musa inapofika kwenye habari za mizani, inasema jambo ambalo nililipita miaka mingi bila kulitazama. Nilidhani inakataza kumpunja mnunuzi. Kumbe inaanzia mbali zaidi: usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwako, moja kubwa na moja dogo. Usiwe nayo. Mnunuzi hajafika bado, mizani haijashikwa, na tayari sheria imeingiza mkono mfukoni kukagua.

Zamani zile fedha na bidhaa zilipimwa kwa mawe. Mfanyabiashara alitembea na mfuko wake, akaweka jiwe upande mmoja wa mizani na mali upande wa pili. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameyapata mawe hayo katika nchi ya Yuda, mengine yakiwa na alama ya uzito wake; shekeli moja ilikuwa gramu 11 na kitu. Ni kijiwe kinachofichika ndani ya kiganja. Ukiwa nayo mawili yanayofanana kwa sura, moja limezidi kidogo na jingine limepungua kidogo, utanunua kwa zito na kuuza kwa jepesi, na aliye mbele yako hataona kitu. Baada ya muda hata wewe utaacha kuona. Mkono unajua wenyewe uchomoe lipi.

Ndiyo maana naamini Mungu hakutaka kungoja hadi jiwe litumike. Mwenye jiwe la pili amekwisha kuamua. Anachongoja ni mtu wa kumpunja. Ukimuuliza atakwambia analo kwa ajili ya siku mbaya tu. Lakini kwa mtu anayetafuta riziki, ni siku gani isiyo na ubaya wake?

Mawe yetu siku hizi ni karatasi zaidi. Kuna kitabu cha hesabu anachoonyeshwa mkaguzi, na kingine kinachokaa droo ya chini. Kuna risiti hewa. Kuna bei ya anayejua na bei ya asiyejua. Kuna sifa za bidhaa tunazozitaja kwa sauti kubwa, na kasoro tunayoitaja akiuliza mwenyewe, au hata akiuliza hatuitaji. Na lugha yetu imetupa methali za kujifunika: penye udhia penyeza rupia, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hii ya mbuzi nimeisikia hata midomoni mwa watu wa maombi, na inanihuzunisha, kwa sababu hutamkwa kana kwamba kamba imefungwa na Mungu, na majani yote yanayofikika ni halali.

Niseme la kwangu. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja nikitunza hati za malipo. Siku moja niliambiwa niandike tarehe ya mwezi uliopita kwenye hati ya siku ile, ili malipo yapite kabla hesabu hazijafungwa. Hakuna fedha iliyoibwa, nikajiambia. Nikaandika. Hakuna aliyeuliza. Mara ya pili niliambiwa tena. Mara ya tatu sikuhitaji kuambiwa. Yote hayo niliyabeba bila kukosa usingizi. Kilichonigusa ni kijana mpya aliyekuja kujifunza kazi. Alinyanyua hati akauliza, "Kaka, hii tarehe tunaiandikaje?" Nikafungua kinywa, nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri, kwa upole, kama mtu anayerithisha ufundi. Jioni ile nilijua nimechukua jiwe langu na kulitia katika mfuko wa mtu mwingine.

Sasa twende mtoni Yordani. Watoza ushuru walikuja kwa Yohana kubatizwa wakamuuliza, "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Napenda swali hilo. Hawakuuliza mtu afanye nini kwa jumla. Waliuliza sisi, wa kazi hii. Naye Yohana, mtu wa jangwani aliyevaa singa za ngamia, ambaye ungemtegemea awaambie waiache kazi leo hii, aliwajibu, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Akaweka kidole mahali penyewe. Ushuru katika dola ya Rumi mara nyingi ulikusanywa na watu walioinunua haki ya kuukusanya, na kilichozidi kiasi kilichotakiwa kikawa chao. Kwa hiyo jibu lile lilionekana jepesi kwa masikio tu. Lililenga pale pale ulipokuwa unono wa kazi. Mtoza ushuru aliyelitii alirudi kituoni kwake kesho yake akiwa na pungufu kubwa, na mke na watoto walewale.

Tusiwadanganye watu katika hili. Tunapenda kushuhudia kwamba aliyekataa rushwa wiki hii alipandishwa cheo wiki ijayo. Hutokea, na Mungu ashukuriwe. Lakini wapo ndugu zetu waliokataa kutia sahihi wakabaki palepale miaka mingi, na wengine wakaachishwa kazi, na kodi ya nyumba haikuwasubiri. Kanisa lisilowaandalia kitu watu hao halina ujasiri wa kumhubiria mtu yeyote habari ya mizani. Kama tunamwambia ndugu atupe jiwe la pili, basi mwezi ule utakapopungua tuwe mlangoni kwake.

Na kazi ikiwa haina namna ya kufanywa kwa haki? Hapa sina jibu moja, na nadhani Injili nayo haikutoa moja. Lawi aliacha vyote pale forodhani, akaondoka, akamfuata Yesu. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alisimama akatoa nusu ya mali kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya kwa hila. Luka hasemi kama aliacha kazi au alibaki nayo. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mwovu, na kutoka ndani ya nafasi hiyohiyo aliwaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha. Sitamhukumu aliyebaki mahali pagumu. Ninachomwomba ajiulize ni kama kukaa kwake kunamficha mtu yeyote pangoni, au ameshaacha kuwapelekea manabii mkate na sasa anapokea mshahara wa Ahabu tu.

Ila kuna mstari usiovukwa hata kwa amri ya mkubwa. Shifra na Pua, wakunga, waliagizwa na Farao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wakamcha Mungu, wasifanye kama mfalme alivyowaamuru. Waliendelea kuzalisha, hiyo ilikuwa kazi yao. Kuua haikuwa kazi yao, hata kama aliyeagiza ndiye aliyekalia kiti cha enzi. Mara nyingine naona hilo linatosha kutuongoza: kulijua jina halisi la kazi yetu, ili tuitambue amri inayotaka kutugeuza kitu kingine. Mhasibu kazi yake ni kuonyesha fedha ilipo. Akiagizwa kuificha, ameagizwa kuacha uhasibu.

Neno moja kwa wanaoajiri. Askari nao walimuuliza Yohana, akawaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Nimesikia andiko hilo likisomwa na wenye kulipa kwa wanaolipwa. Wasome pia Kumbukumbu la Torati 24:15, ukurasa uleule au wa jirani na habari ya mizani: kibarua apewe ujira wake siku yake, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia. Mshahara unaocheleweshwa kwa makusudi ilhali fedha ipo ni jiwe jepesi, na aliyelishika hawezi kuwahubiria wengine kutosheka.

Juma hili tuombe kwa maneno ya Aguri katika Mithali 30: asipewe umaskini wala utajiri, bali alishwe kadiri yake, asije akashiba akamkana Bwana, wala asiwe maskini akaiba na kulitaja bure jina la Mungu wake. Ni sala ya mtu anayejijua. Hakusema, nipe umaskini nami nitasimama imara. Aliogopa kuiba, akamwambia Mungu kwamba anaogopa.

Nami niliogopa kurudi kwa yule kijana. Zilipita siku kadhaa. Nilipomfuata nilimkuta na hati mbele yake, kalamu mkononi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikufundisha vibaya. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hii niandike tarehe gani?"

Nikamwambia aandike ya leo. Aliiandika. Malipo yale yalikataliwa, tukasubiri hadi mwezi uliofuata.